Vitabu vya Rejea vya Sheria: Kipi Kina Nguvu Mahakamani?

Mwananchi wa Kata ya Samuye, wilayani Shinyanga, mwenye shauri la mkataba au fidia, anaweza kusomewa aya kutoka Halsbury's Laws of England, ensaiklopidia ya sheria za Uingereza iliyoanza kuchapishwa mwaka 1907. Aya hiyo si sheria ya Tanzania. Sura ya 358 ya Sheria zetu inaruhusu misingi ya komoni loo iliyokuwa ikitumika Uingereza tarehe 22 Julai, 1920, tena kwa kadiri tu mazingira ya wananchi yanavyoruhusu. Hukumu za Uingereza za baada ya hapo hushawishi, hazimfungi Jaji. Kitabu cha Hans Cory cha mwaka 1953, kuhusu sheria na mila za Wasukuma, nacho ni rejea tu.

Kinachotangulia ni sheria iliyotungwa na Bunge, kisha hukumu za Mahakama ya Rufani, ambazo husomwa bila malipo katika tovuti ya TanzLII ya Mahakama ya Tanzania. Mwananchi aangalie pia toleo. Sheria zilizofanyiwa urekebu, Toleo la Mwaka 2023, zilianza kutumika tarehe 1 Julai, 2025, na baadhi ya vifungu vimebadilika namba. Nakala ya Toleo la 2002 inaweza kumpeleka kwenye kifungu kisichohusika kabisa na shauri lake.