Msako wa Koti Lisilo na Mabega

Basi bwana, ilikuwa imebaki miezi minne tufunge ndoa, na kamati ilishakaa vikao viwili. Kwenye karatasi ya bajeti, chini ya ukumbi na mapambo, juu kidogo ya MC, kulikuwa na mstari mmoja ambao kila nikiusoma unaniharibia siku: "Suti ya bwana harusi, 650,000." Tatizo halikuwa hela. Tatizo lilikuwa suti yenyewe. Mpambe wangu alishanipeleka kuiona, Kinondoni, kwenye duka moja la mambo ya harusi. Inang'aa kama karatasi ya pipi. Mabega yamejazwa pedi utadhani nimebeba kiroba cha unga, suruali modo, kola imezungushiwa satini nyeusi. Nikajitazama kwenye kioo, nikaona mtu anayesubiri kuitwa jukwaani aimbe.

Mimi nilitaka vitu vitatu vya kawaida kabisa: koti la bluu iliyokoza, suruali ya kijivu, na shati jeupe lenye vifungo kwenye kola. Ile staili ambayo wenyewe wanaiita Ivy. Nikamwambia mchumba wangu. Akaniangalia kwa muda.

"Watu wamechanga, ukumbi umelipiwa, halafu bwana harusi anatokea kama mwalimu wa nidhamu?"

Msomaji, naomba nijitetee.

Kosa ni la Miles Davis

Mwaka wa pili chuoni, mshkaji wangu mmoja wa hosteli alinionyesha jalada la Milestones, albamu ya Miles Davis ya mwaka 1958. Jamaa amekaa, tarumbeta mkononi, amevaa shati la kijani lenye kola ya vifungo. Basi. Hakuna cheni, hakuna miwani, hakuna chochote kinachong'aa zaidi ya tarumbeta. Na bado hakuna mtu anayeweza kumfikia. Tangu siku hiyo nikawa mgonjwa.

Kwa wasioijua, Ivy League ni vyuo vikuu 8 vya mashariki mwa Marekani, Harvard, Yale na Princeton vikiwemo, na ivy ni ule mmea unaotambaa kwenye kuta za majengo yao ya zamani. Vijana wa huko ndio walioyapa mavazi haya jina, hasa miaka ya 1950 hadi katikati ya 1960. Ila ukichunguza, karibu kila kitu walikiokota mahali. Wachezaji polo wa Uingereza walikuwa wakibana kola zao zisiwapige usoni farasi akikimbia. Brooks Brothers, duka la New York lililoanza mwaka 1818, likalichukua wazo hilo na kuanza kuuza mashati ya kola ya vifungo mwaka 1896. Kadeti ni suruali za jeshi: vita vilipokwisha mwaka 1945, askari walilipiwa masomo na serikali, wakaingia madarasani na suruali zilezile. Moka zenye mkanda juu zilitokana na viatu vya Norway, na kampuni ya Bass ilianza kuzitengeneza mwaka 1936 kwa jina la Weejuns. Mashati ya drafti ya madras ni ya India.

Halafu Weusi wa Marekani wakaichukua staili hiyo na, kwa maoni yangu, wakaivaa vizuri kuliko wenye vyuo. Si wanamuziki wa jazi peke yao, hata vijana waliokuwa wakiandamana kudai haki zao. Mwaka 2021 Jason Jules alitoa kitabu kizima cha picha zao, Black Ivy. Wajapani nao wakapagawa. Mwaka 1964, Tokyo ikijiandaa kwa Olimpiki, polisi waliwazoa vijana mitaa ya Ginza, kosa lao kubwa likiwa kuzurura wamevaa hivyo. Usicheke. Hapa kwetu, kuanzia Januari 1969, Umoja wa Vijana wa TANU ulipiga marufuku sketi fupi na suruali za kubana kwa ile Operesheni Vijana. Nguo haijawahi kuwa nguo tu.

Sasa koti. Koti la Ivy halina pedi, au linayo kidogo sana, kwa hiyo bega linafuata bega la mwenye nalo. Mbele halina ile mikunjo iliyoshonwa ya kubana kiuno, linashuka wima, na Wamarekani wenyewe wanaliita koti la gunia. Vifungo vitatu, cha juu kimejikunja pamoja na kola na hakifungwi. Nyuma mpasuo mmoja katikati. Kwa joto la Dar, koti lenye bitana nusu na lisilo na pedi ni rehema ya Mungu.

Mlimani City hadi Mchikichini

Nilianza kistaarabu. Mlimani City, kisha maduka ya Samora, kisha Sinza. Mashati yenye vifungo kwenye kola yapo mengi, lakini kola zenyewe ni fupi na ngumu kama kadi. Kola nzuri inatakiwa iwe ndefu na laini, ikifungwa ifanye ka-mviringo fulani shingoni. Makoti yote yalikuwa yamebana, mafupi, yameishia pale mfuko wa nyuma wa suruali unapoanza. Kariakoo nikazunguka Msimbazi na Aggrey mpaka viatu vikalia. Kijana mmoja akanivalisha koti la rangi mbili, akarudi nyuma hatua tatu, akashika kifua: "Braza, hii ni Uturuki hii. Ukitoka nayo hapa, hata mkeo hakutambui." Nilimwamini, ndiyo maana sikuinunua.

Ikabidi niende kule ambako moyoni nilijua nitaishia: Mchikichini, Karume. Soko lile liliungua usiku wa kuamkia tarehe 16 Januari 2022, watu wakapoteza mitaji, na bado wafanyabiashara walirudi. Nenda asubuhi, belo zinapofunguliwa. Ukienda saa sita utakuta tulichokiacha sisi.

Na hapa kuna jambo linalopendeza. Kabati la mzee wa Connecticut likisafishwa, nguo zinapelekwa kwenye msaada, zinauzwa kwa kilo, zinachambuliwa, zinafungwa belo, zinapanda meli. Kwa hiyo lile koti ambalo kijana wa Tokyo analilipia pesa nyingi, Karume linakaa chini kabisa ya fungu, kwa sababu wateja wanataka vitu vya kubana na chata kubwa kifuani. Wauzaji wanayaita makoti ya wazee. Uliza hivyohivyo, utaelekezwa.

Nikufundishe nilichojifunza kwa kupoteza hela. Angalia bega kwanza. Mikono mirefu fundi atapunguza, kiuno kipana atapunguza, lakini bega likikuzidi limekuzidi, achana nalo. Ingiza mkono kwenye kwapa, kagua bitana, kwani huko ndiko jasho la mwenzako lilikomalizia kazi. Linyanyue juani uone kama wadudu wametoboa. Kwenye shati, pitisha kidole kwenye mkunjo wa kola, maana ndipo kitambaa kinapoanza kuisha. Na usishangilie ukiona lebo. Nilishangilia mara moja, shati la Brooks Brothers likapanda kutoka 8,000 hadi 20,000 mbele ya macho yangu.

Jumamosi ya nne nikalipata. Bluu iliyokoza, sufu nyepesi, vifungo vya dhahabu, lebo imechakaa limebaki neno New Haven tu, mji wa Yale. Begani limekaa kama limezaliwa na mimi. Elfu 35. Nilipanda daladala nikitabasamu peke yangu kama chizi.

Kafa Ulaya

Nililivaa sebuleni kwake. Mchumba wangu alikuwa anahesabu kadi za mialiko. Akainua macho, akauliza, "La dukani?" Nikasema, kwa fahari kabisa, la Karume.

Akaweka kadi chini. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mama yangu amekaa kwenye meza ya mitumba Manzese miaka kumi na tisa. Mimi shule nzima nimevaa kafa Ulaya. Sketi, sweta, viatu, mpaka begi. Nilijiapia siku ya harusi yangu hakuna mtu wa kwetu atakayevaa mtumba. Si mama, si mtoto wa maua, na si wewe."

Nikajaribu kueleza habari za Yale na Miles Davis. Makosa makubwa. Akaniambia: "Kwako ni staili kwa sababu ulikuwa na uchaguzi."

Ukweli ni kwamba alikuwa sahihi. Baba yangu alikuwa mhasibu. Mtumba kwangu ulianza chuoni, ukiwa mchezo, ukiwa ujanja wa kutoka bomba kwa hela ndogo. Nimewahi kuhariri makala kuhusu mwaka 2016, wakuu wa Afrika Mashariki walipokubaliana kuondoa mitumba ndani ya miaka mitatu, Marekani ikatishia nafasi yetu kwenye AGOA, wengine wakalegea, Rwanda ikashikilia msimamo na mwaka 2018 ikaondolewa nafuu ya kuuza nguo zake huko bila ushuru. Nilisahihisha nukta na koma. Sikujua mjadala wenyewe unaishi na mimi sebuleni.

Siku tatu nilikuwa nikituma meseji ndefu na kurudishiwa "Sawa." Mwenye mchumba anajua uzito wa neno hilo.

Mama anageuza koti

Jumapili tukaenda kwa mama yake kupitia orodha ya wageni. Koti lilikuwa kwenye mfuko, nilikuwa nimepanga kulirudisha sokoni. Mama akauliza kuna nini humo. Nikajiuma-uma. Akalitoa, akaligeuza nje-ndani kabla hata hajalitazama kwa nje, akafuata mshono wa bega kwa kidole gumba.

"Huyu fundi alikuwa anajua," akasema. "Ona alivyoacha kitambaa cha kuongezea humu. Hili likipelekwa kwa fundi mzuri analitoa lilivyo, kwa kitambaa kipya."

"Mama!" mchumba wangu akaruka.

"Mama nini? Mtumba mzuri ni wa kunakili. Gauni lako la mahafali ya kidato cha nne unadhani lilitoka wapi?"

Kimya. Kumbe lile gauni la njano, ambalo picha yake iko ukutani mpaka leo, gauni jipya pekee alilowahi kuwa nalo shuleni, lilishonwa kwa kunakili mtumba uliofika mezani siku moja ukiwa na doa la wino. Mchumba wangu alikwenda kusimama mbele ya ile picha. Aliporudi alisema kitu kimoja tu: "Vifungo vya dhahabu hapana." Nikakubali kabla hajamaliza.

Fundi wetu ni mzee wa Ilala, ujana wake kashona suti za Kaunda mpaka hesabu imempotea. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akavaa miwani, akalikagua koti kama daktari. Alikataa kulifumua. Alipima kila kipande kwa futi, akaandika kwenye karatasi ya sigara. Tukanunua kitambaa Kariakoo: cha koti mita mbili na robo kwa 67,500, cha suruali 30,000, bitana na vifungo 22,500. Ushonaji wa koti 120,000, suruali 25,000. Shati nalo jipya, kola imenakiliwa kwenye lile langu la Karume, 35,000. Jumla laki tatu kamili.

Siku ya kujaribisha nikakuta mabega yamejaa. Mzee ameweka pedi. "Bwana harusi hawezi kukosa mabega, mwanangu," akasema kwa upole, kama mtu aliyenifichia aibu. Kabla sijafungua mdomo, mchumba wangu, ambaye nilidhani amekuja kunisindikiza tu, akashika bega langu, akalibonyeza: "Mzee, hizi toa. Na hii mikunjo ya mbele fumua. Koti halikuwa nayo." Mzee akanitazama mimi. Nikatazama dari.

Laki tatu na nusu zilizobaki kwenye ule mstari, mweka hazina wa kamati alizitaka zirudi kwenye vinywaji. Bibi harusi akakataa, akampeleka mama yake Samora kununua gauni. Alijaribu saba. Muuza duka alichoka, yeye hakuchoka.

Siku yenyewe baba yangu mdogo alinivuta pembeni kuniuliza kama suti imechelewa kwa dobi. MC akatania kwamba bwana harusi ametokea kazini moja kwa moja. Picha zilipotoka, mpambe wangu, aliyevaa ile ya karatasi ya pipi, ndiye aliyeomba namba ya fundi.

Lile koti la New Haven halikurudi sokoni. Mke wangu hulivaa kazini, kwa sababu ofisini kwao AC ni kali, na amekunja mikono mara mbili. Wiki iliyopita Mama alikuja kututembelea, akaliona limetundikwa nyuma ya mlango.

"Hivi hili ulinunua shilingi ngapi, baba?"

"Elfu 35, Mama."

Akatikisa kichwa, akanionea huruma kweli.

"Ulipigwa."