Picha ya Skrini: Namna ya Kuchagua Programu Inayofaa

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mitambo hiyo nchini, na miaka mingi ikapita kabla ya mlango huo kufunguliwa tena. Leo mtu apitaye Kariakoo, katika mitaa kama Msimbazi na Aggrey, hukuta kompyuta, simu na vifaa vyake vimepangwa madukani, na kando yake vibanda vya kuchapa na kutoa nakala.

Pamoja na wingi huo kumezuka desturi moja ambayo watu huifuata kila siku bila kuitafakari, nayo ni kupiga picha ya kile kionekanacho kwenye skrini, yaani kioo cha kompyuta au simu, na kuitumia kama shahidi. Mnunuzi aliye Mbeya humtumia mwenye duka wa Kariakoo picha inayoonyesha kwamba fedha zimekwisha kulipwa. Karani huhifadhi picha ya hesabu za siku. Mwalimu huitia katika maelezo ya somo ili wanafunzi waone hatua za kufuata. Basi, ni programu gani ifaayo kwa kazi hiyo, na picha yenyewe iaminiwe kwa kiasi gani?

Picha isiyo na kamera

Ingawa huitwa picha, hapana lenzi wala mwanga unaohusika. Skrini imegawanyika katika nukta ndogo sana, na rangi ya kila nukta huhifadhiwa kwa tarakimu ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Programu ya kupiga picha ya skrini huzinakili tarakimu hizo tu.

Chukua skrini yenye nukta 1,366 kwa upana na 768 kwa urefu. Jumla yake ni nukta 1,049,088. Ikiwa kila nukta huhitaji baiti 3, moja kwa kila rangi ya msingi, yaani nyekundu, kijani na buluu, picha nzima itahitaji baiti 3,147,264, yaani zaidi ya megabaiti 3. Kwa mtu anunuaye bando la intaneti kwa shilingi zake mwenyewe, hicho si kiasi cha kupuuzwa.

Ndiyo maana aina ya faili ni jambo la kwanza la kuangaliwa. Aina iitwayo JPEG, ya mwaka 1992, ilibuniwa kwa ajili ya picha za kamera. Hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa baadhi ya habari, na kingo za herufi huingia ukungu. PNG, iliyotokea mwaka 1996, hufupisha bila kutupa chochote: mahali penye nukta nyingi za rangi moja, kama ukurasa mweupe, huandika maelezo mafupi badala ya kuzirudia zote. Kwa maandishi na tarakimu, PNG ndiyo ifaayo.

Zana zilizopo

Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na kitufe cha kupeleka maandishi ya skrini moja kwa moja kwenye mashine ya kuchapia. Jina la kitufe hicho, Print Screen, limebaki hadi leo. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kukibonyeza pamoja na kitufe cha Windows huhifadhi faili ya PNG papo hapo. Windows ina pia programu yake ya kukata sehemu ya skrini, iitwayo Snipping Tool. Kwa mahitaji ya kawaida ya shule, hizo zatosha, wala hapana sababu ya kununua nyingine.

Anayetaka kuweka mishale, namba za hatua, au kufunika sehemu fulani, aweza kutumia programu huria, yaani zile ambazo maandishi yake ya ndani yako wazi kwa yeyote kuyakagua. Greenshot ni mfano kwa Windows, na Flameshot kwa Linux. Jambo la kuepukwa ni kuchukua programu isiyojulikana kutoka kwenye flashi ya mtu. Programu yenye uwezo wa kunakili skrini yaweza kunakili pia barua na hesabu za benki, na kuzipeleka kusikojulikana. Kwa hiyo, asili ya programu ni jambo zito kuliko wingi wa mapambo yake.

Kilichokatwa huenda hakijaondoka

Mwaka 2023 wataalamu wawili, Simon Aarons na David Buchanan, walifichua kasoro katika programu ya picha ya simu za Pixel. Siku chache baadaye kasoro ya namna hiyo ilionekana katika Snipping Tool ya Windows 11. Mtumiaji alipokata picha na kuihifadhi juu ya faili ileile, picha mpya iliandikwa mwanzoni mwa faili, lakini mabaki ya picha ya zamani hayakufutwa mwishoni. Ni sawa na kuandika barua fupi juu ya barua ndefu iliyofutwa nusu: mistari ya chini bado yasomeka. Aliyekata namba ya kadi yake ya benki huenda aliituma pasipo kujua. Kasoro hizo zilirekebishwa mwaka huohuo, lakini fundisho limebaki: programu isasishwe, na siri ifunikwe kwa rangi nzito kabisa, si kwa ukungu.

Thamani ya ushahidi

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki mahakamani. Hata hivyo, katika kuupima, mahakama huangalia kama njia iliyotumika kuutengeneza, kuuhifadhi na kuupeleka ni ya kuaminika, na namna mtumaji alivyotambulishwa.

Sababu yake yaweza kuonyeshwa darasani bila hata intaneti. Mwanafunzi aandike kwenye kompyuta “Zimepokelewa Sh 50,000”, kisha apige picha ya skrini. Aongeze sifuri moja, isomeke Sh 500,000, apige tena. Darasa litazame picha hizo mbili na kujaribu kubaini ipi ni ya kweli. Halitaweza, kwa kuwa kila moja ni nakala kamili ya nukta zilizokuwapo.

Picha ya skrini, basi, hushuhudia kwamba nukta fulani zilikuwa zimepangwa hivyo. Haishuhudii kwamba fedha zimefika. Mwenye duka wa Kariakoo aonyeshwaye picha ya malipo hana budi kutazama salio la akaunti yake mwenyewe kabla ya kufungasha mzigo, hata kama programu iliyopiga picha hiyo ni bora kupita zote.