Usukani Uliolegea: Namna ya Kutambua na Kubadilisha Vipuri Vilivyochakaa katika Pikapu za Zamani

Wenye gari, madereva na mafundi wa Unguja na Pemba wanaombwa kuisoma taarifa hii kwa makini, na abiria wanaopanda gari hizo kila siku nao wanashauriwa kuifahamu. Taarifa inahusu usukani wa pikapu za zamani, hasa zile zilizotengenezwa katika miaka ya 1980 na 1990, ambazo hadi leo zingali zikitoa huduma mijini na mashamba. Inaeleza sehemu zinazochakaa, dalili zake, na namna sahihi ya kuzibadilisha.

Inafahamika kwamba pikapu ni gari iliyozoeleka mno visiwani. Ndiyo inayochukua samaki kutoka diko, karafuu kutoka shamba na saruji kutoka bandarini. Na ikishawekewa mabenchi na paa, ndiyo daladala ya watu. Injini ya gari hiyo ikichoka, gari husimama, na hasara yake huwa ni ya fedha. Usukani ukichoka, gari haisimami. Huendelea kwenda na abiria wake kama kawaida, mpaka siku dereva atakapozungusha usukani na gurudumu lisimfuate.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Usemi huo una ukweli wake, lakini ajali itokanayo na usukani uliochakaa hubisha hodi wiki nyingi kabla ya kuingia. Mwenye kuisikia hodi hiyo na kuipuuza hawezi kudai kwamba hakuonywa.

NAMNA USUKANI UNAVYOFANYA KAZI

Chukuliwe mfano wa Toyota Hilux ya miaka hiyo, ile inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Dereva akizungusha usukani, nguvu ya mkono wake hupita katika shafti hadi kwenye sanduku la usukani, ambalo limefungwa kwenye fremu upande wa dereva. Katika sanduku hilo hutokeza mkono mfupi wa chuma uitwao pitimani. Upande wa pili wa fremu upo mkono mwengine uitwao aidla. Huo hauna sanduku, na kazi yake ni kushikilia tu. Mikono hii miwili imeunganishwa kwa fimbo ndefu ya kati, ambayo huvutwa kushoto na kulia. Kutoka fimbo ya kati hutoka tairodi mbili, moja kwa kila gurudumu la mbele. Kila tairodi ina ncha mbili, ya ndani na ya nje, ambazo mafundi huziita tairodi endi. Hivyo gari moja ina tairodi endi nne.

Ncha zote hizo zimejengwa kwa namna moja. Ndani yake mna tufe dogo la chuma lililokaa katika kikombe chenye grisi, na juu yake pana mfuniko wa mpira unaozuia uchafu. Tufe ndilo linaloruhusu gurudumu kupanda na kushuka bila ya kukata mwendo wa usukani. Boljointi zinazobeba gurudumu lenyewe, ya juu na ya chini, nazo zimejengwa kwa mfano huo huo.

Adui wa kwanza wa sehemu hizi ni kupasuka kwa ule mfuniko wa mpira. Mpira ukishapasuka, grisi hutoka na badala yake huingia maji ya mvua, vumbi la kifusi na chumvi ya pwani. Hapo chuma husagana na chuma. Tufe hupungua, kikombe hupanuka, na nafasi baina yao huongezeka kila siku. Mwisho wake tufe huchomoka kikombeni. Likichomoka tufe la tairodi endi, gurudumu la upande huo hubaki bila ya mwongozo na huweza kugeukia upande wowote. Ikiachia boljointi ya chini, gurudumu hulala chini ya gari.

DALILI ZA UCHAKAVU

Dereva ndiye mtu wa kwanza kuzihisi dalili, na zilizo muhimu ni hizi:

(a) Usukani huzunguka kidogo kushoto na kulia kabla gurudumu halijaanza kugeuka. Vitabu vya utengenezaji vya Toyota za aina hii huweka ukomo wa milimita 30, ikipimwa kwenye ukingo wa usukani. Nafasi ikizidi hapo, lazima sababu itafutwe.

(b) Gari hutangatanga katika barabara iliyonyooka, na dereva hulazimika kuirejesha kila mara.

(c) Husikika mgongano wa chuma mbele ya gari inapopita mashimo au inapokata kona.

(d) Usukani hutikisika gari inapofikia mwendo fulani. Dalili hii huweza pia kutokana na magurudumu yasiyo na uwiano, na kwa hivyo haitoshi peke yake.

(e) Tairi za mbele huliwa upande mmoja, au vifundo vyake huwa vikali vikipapaswa kwa kiganja kuelekea upande mmoja na laini kuelekea upande wa pili.

NAMNA YA KUCHUNGUZA

Uchunguzi wa kwanza hauhitaji zaidi ya watu wawili na dakika kumi. Gari isimamishwe mahali pa sawa, breki ya mkono ivutwe na magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe au vipande vya mbao. Mtu mmoja akae ndani na autikise usukani kushoto na kulia kwa mwendo mfupi mfupi. Wa pili achungulie chini, aweke kidole kwenye kila kiungo, kimoja baada ya kimoja, kuanzia pitimani hadi tairodi endi za nje. Kiungo kizima husogea pamoja pande zote mbili. Kiungo kilichochakaa huonesha upande mmoja ukisogea na wa pili ukichelewa, na kidole hukihisi kishindo chake. Aidla nayo isisahauliwe, kwani bushi yake ikilika, fimbo ya kati hupanda na kushuka badala ya kwenda upande.

Baada ya hapo gurudumu la mbele linyanyuliwe kwa jeki iliyowekwa chini ya mkono wa chini wa gurudumu, ili boljointi ipumzike na uzito. Gurudumu lishikwe kushoto na kulia na litikiswe. Likicheza, tairodi endi zinahusika. Kisha lishikwe juu na chini. Likicheza, ama ni boljointi ama ni beringi ya gurudumu. Ili kujua ni ipi, mtu mmoja akanyage breki wakati mwenzake analitikisa. Mchezo ukitoweka, tatizo ni beringi. Ukibaki, tatizo ni boljointi.

MAMBO YASIYOFAA KUFANYWA

Zipo njia tatu za mkato zinazoonekana kumwokolea mwenye gari fedha, na zote ni za hatari.

Ya kwanza ni kukaza skrubu ya sanduku la usukani ili kuondoa ulegevu ambao asili yake ni tairodi endi. Usukani huonekana umekuwa mzima, kumbe kiungo kilicholika kimebaki vile vile, na meno ya ndani ya sanduku husagana kwa kubanwa kupita kiasi. Usukani hata huweza kukataa kurejea katikati baada ya kona. Skrubu hiyo irekebishwe tu baada ya viungo vyote kuthibitishwa kuwa vizima, na kwa kufuata kitabu cha gari.

Ya pili ni kuligonga kifuniko cha tairodi endi, au kutia kipande cha bati au ngozi, ili kikombe kibane tena. Matengenezo hayo hayarejeshi chuma kilicholika, na kile kilichotiwa hutoka baada ya muda mfupi.

Ya tatu ni kuchomea kwa umeme fimbo au mkono wa usukani uliopinda au uliopata ufa. Chuma cha sehemu hizi kimetiwa nguvu maalumu kiwandani. Moto wa kuchomelea huiharibu nguvu hiyo, na chuma huweza kukatika pembeni mwa kiungo bila ya kuonesha dalili. Sehemu iliyopinda hutupwa, haitengenezwi.

NAMNA YA KUBADILISHA

Wakati wa kununua, kipuri cha zamani kichukuliwe dukani kilinganishwe na kipya. Tairodi endi ya ndani na ya nje si moja. Aidha, moja huwa na nyuzi za kukazia kulia na nyengine huwa na nyuzi za kukazia kushoto, ili tairodi iweze kurefushwa au kufupishwa kwa kuzungushwa tu bila ya kufunguliwa. Mchongoko wa ncha uwe sawa na tundu lake. Ncha inayozama kupita kiasi au inayobaki juu isifungwe. Ni vyema pia tairodi endi zibadilishwe kwa jozi, kulia na kushoto, kwa kuwa zimetembea masafa yale yale.

Kazi yenyewe ifanywe kwa utaratibu ufuatao. Gari inyanyuliwe na ikalishwe juu ya stendi za chuma zilizo imara; ni marufuku kwa fundi kuingia chini ya gari iliyobebwa na jeki pekee. Kabla ya kufungua chochote, pawekwe alama ya rangi penye nyuzi, na urefu wa tairodi upimwe kutoka katikati ya ncha moja hadi katikati ya nyengine. Kipimo hicho kiandikwe.

Splitipini ichomolewe na nati yenye meno ilegezwe, lakini iachwe ikiwa imeshika nyuzi chache ili tairodi isidondoke ghafla. Ncha itolewe kwa kifaa chake cha kuvutia. Pasipo na kifaa hicho, nyundo mbili zitumike kwa pamoja kupiga pande mbili za jicho linaloshika ncha. Mshituko huo huuachia mchongoko. Nyuzi za ncha zisipigwe kamwe ikiwa kipuri kitarejeshwa. Kisha klampu ilegezwe na tairodi endi izungushwe kutolewa huku mizunguko ikihesabiwa. Mpya irejeshwe kwa mizunguko ile ile na kulinganishwa na kipimo kilichoandikwa.

Mchongoko na tundu lake vifutwe viwe safi na vikavu. Wapo wanaotia grisi mahali hapo wakidhani wanafanya wema. Mchongoko hushika kwa kubanana kwa chuma kikavu, na grisi haina kazi hapo. Nati ikazwe kwa kipimo cha kitabu. Ikiwa tundu la splitipini halijakutana na meno ya nati, nati ikazwe zaidi kidogo mpaka vikutane. Isilegezwe kwa ajili hiyo. Splitipini iwe mpya, na miguu yake yote miwili ikunjwe. Pini hii ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika kazi nzima, na ndiyo inayoizuia nati isifunguke njiani. Msumari au kipande cha waya si badala yake.

Mwisho, klampu zikazwe, na vipuri vyenye tundu la kutilia grisi vitiliwe. Usukani uzungushwe mwisho wa kulia na mwisho wa kushoto kuhakikisha kwamba hakuna kinachogusa mpira wa breki wala fremu.

KUPIMA MWELEKEO WA MAGURUDUMU

Kazi haijakwisha mpaka magurudumu yapimwe. Penye mashine ya kupimia, gari ipelekwe huko. Mahali pasipo na mashine, fundi apime kwa utepe umbali baina ya tairi mbili za mbele, upande wao wa mbele na upande wao wa nyuma, katika kimo cha katikati ya gurudumu, kisha arekebishe tairodi zote mbili kwa usawa hadi kufikia kipimo cha kitabu. Kipimo hiki cha mkono ni cha muda, na gari ipelekwe kwenye mashine mapema inavyowezekana. Tofauti ya milimita chache hutosha kumaliza jozi ya tairi mpya kabla ya wakati wake.

Baada ya siku chache za kazi, nati na klampu zote zikaguliwe tena.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Mara nyingi dereva huhisi ulegevu, lakini huogopa kumwambia mwenye gari kwa kuwa siku ya matengenezo ni siku isiyo na hesabu. Mwenye gari naye huahirisha mpaka mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi huwa na haja zake. Fundi huombwa akaze kidogo tu ili gari iendelee. Kila mmoja ameahirisha sehemu yake, na anayebeba matokeo ni abiria aliyekaa kwenye benchi la nyuma, ambaye hakuulizwa.

Kwa hivyo, dereva anakumbushwa kwamba kusema ni sehemu ya kazi yake, na mwenye gari anakumbushwa asimwadhibu dereva aliyesema. Fundi anakumbushwa kukataa kazi ya njia ya mkato hata kama mteja ameridhika nayo. Ifahamike pia kwamba cheti cha ukaguzi huthibitisha hali ya gari katika siku iliyokaguliwa. Hakiwezi kuziba mfuniko wa mpira uliopasuka wiki iliyofuata.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya mvua za masika na kabla ya msimu wa karafuu, wakati mizigo inapokuwa mizito na barabara za mashamba zinapoharibika, kila pikapu ichunguzwe kwa njia iliyoelezwa hapa. Gari itakayokutwa na kiungo kinachocheza isipakie abiria wala mzigo mpaka itengenezwe.