Majina Wanayopewa Wasio na Dini

Kiswahili kina maneno mengi ya kumtaja mtu asiye na dini, na karibu yote yametoka vinywani mwa wenye dini. Historia ya maneno hayo inaonekana wazi katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, kwa Waluguru, yaani watu wa mlimani.

Neno kafiri ni la Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kufunika: kafiri ni mtu aliyeifunika kweli. Watu wa pwani walitumia pia neno mshenzi kwa watu wa bara wasiokuwa Waislamu. Kinyume chake kilikuwa mstaarabu, aliyeshika desturi za Kiarabu. Kwa Wakristo neno ni mpagani. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na baadaye wakaanzisha misheni huko Matombo, Uluguru. Katika Kilatini cha kale, paganus, asili ya neno mpagani, alikuwa mtu wa shamba. Hivyo mshenzi na mpagani yote mawili yalimpima mtu kwa mahali anapoishi.

Lakini Waluguru walioitwa hivyo hawakukosa imani. Walimjua Mulungu, walitambikia mizimu ya koo zao, na walikwenda kwenye pango la Kolelo kuomba mvua. Imani hiyo leo huitwa dini ya jadi. Wengine huiita ushirikina, neno ambalo asili yake ni kumshirikisha Mungu na kitu kingine, ingawa mitaani sasa humaanisha mambo ya uchawi.

Asiyeamini kabisa kuwa Mungu yupo huitwa mkana Mungu, na katika maandishi ya Kiislamu, mlahidi. Neno mkana Mungu lina lawama ndani yake, kwa sababu kukana ni kukataa kitu unachokijua. Aliyeuacha Uislamu ni murtadi. Walokole nao humwita asiyeokoka mtu wa mataifa, hata akiwa anasali kila Jumapili katika kanisa jingine.

Yako maneno yasiyohukumu. Neno asiyeamini Mungu hutaja msimamo wa mtu. Neno asiye na dini hutaja kwamba mtu hana dhehebu, na huenda Mungu anamwamini. Mfuasi wa dini ya jadi si mmoja wa hao wawili.

Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inalinda uhuru wa mawazo na imani wa kila mtu. Anayelindwa na sheria hiyo anastahili pia kutajwa kwa jina lisilomtukana.