Je, Wajua? Magadi ya Jikoni na Meno ya Mtoto

Je, wajua kwamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro mtoto anaweza kuota meno ya kahawia hata kama maji anayokunywa hayana tatizo? Miaka ya 1990 watafiti wa meno waliliona jambo hilo katika vijiji ambavyo maji yake yana floridi kidogo sana. Chanzo kilikuwa chunguni: magadi, yale yale yanayolainisha maharage ya kiburu na makande. Baadhi ya magadi hayo yamejaa floridi.

Meno ya kudumu hujengeka ndani ya taya, mengi yake kabla mtoto hajatimiza miaka minane hivi. Floridi ikizidi wakati huo, jino huota na madoa ambayo hakuna mswaki utakaoyatoa. Ndiyo maana inaniuma kuona kijana akicheka huku amefunika mdomo kwa kiganja, watu wakidhani ni mchafu. Kwa mtu mzima meno yamekwisha kukomaa. Floridi nyingi ya miaka mingi humwendea mifupani, viungo vikakakamaa.

Kuchemsha maji hakuondoi floridi. Maji yakipungua, floridi hukolea. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha floridi katika maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita. Kule Ngurdoto, mkoani Arusha, kuna kituo kinachoichuja kwa mkaa wa mifupa. Na maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva bila magadi.