Chuma cha Ardhini, Chuma cha Damu (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi milima ya Usambara ilivyoinuka na kuiacha chini yake tambarare ya Korogwe, yenye joto na mvua haba. Leo tunabaki palepale, Mkumbara, mguuni pa mlima, ili tufuatilie madini ya aina moja tu: chuma.

Mkumbara ina historia ndefu na chuma. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, ikapita hapa kuelekea Moshi, ilikofika mwaka 1911. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walitandaza kamba nene za chuma kutoka Mkumbara kupanda hadi msitu wa Shume, karibu kilomita 9, ili magogo ya mwangati yateremshwe yakining'inia hewani mpaka kwenye mabehewa. Kampuni ya Bleichert ya Leipzig ndiyo iliyoijenga njia hiyo. Lakini hata pasingekuwa na reli wala kamba, chuma kingekuwapo. Wekundu wa udongo katika mashamba mengi ya Korogwe na Handeni ni wekundu wa chuma kilichoshika kutu. Udongo huo hupaka miguu, kuta na sare za shule. Halafu nenda zahanati siku ya kliniki ya wajawazito, utasikia mama mmoja baada ya mwingine akiambiwa kwamba damu yake imepungua. Inakuwaje watu wakae juu ya chuma, walime juu ya chuma, na damu zao zikose chuma?

Jibu limetawanyika katika taaluma ambazo kwa kawaida hazikai baraza moja. Tuanze mbali kabisa.

Chuma hutengenezwa ndani ya nyota kubwa, nazo zikilipuka hukitawanya angani. Dunia ilipoumbika, takriban miaka bilioni 4.5 iliyopita, karibu theluthi moja ya uzito wake ilikuwa chuma, ila sehemu kubwa ilizama katikati ikawa kiini chake. Anayetaka kuona chuma cha namna hiyo aende Mbozi, mkoani Songwe, akakiguse kile kimondo: donge la takriban tani 16, ambalo karibu asilimia 90 yake ni chuma. Kwenye gamba la dunia kilibaki kama asilimia 5, nayo si haba. Tatizo lilikuja baadaye. Takriban miaka bilioni 2.4 iliyopita oksijeni ilianza kujaa hewani, na chuma kilichokuwa kimeyeyuka baharini kikashika kutu na kutuama. Kutu haiyeyuki kwa urahisi. Tangu hapo viumbe vinahangaika kupata kitu ambacho kimejaa tele chini yao.

Mmea una ujanja wake: mizizi hutoa tindikali na kemikali nyingine zinazokiyeyusha chuma kidogo kidogo. Binadamu hana uwezo huo. Mama mjamzito anayenunua vijiti vya udongo sokoni hafanyi upuuzi, maana hamu ile ni ya kweli na wataalamu wanaifahamu. Lakini udongo ule haumpi chuma anachokihitaji, na aina nyingine hukinasa hata kile kilichomo kwenye chakula kikapita bila kufyonzwa. Tafiti nyingi zimekuta ulaji wa udongo na upungufu wa damu vikienda pamoja.

Basi imebaki mboga na kitoweo. Mahindi yana chuma, ila yana pia fiteti inayokizuia kufyonzwa, na ugali ukiwa ndio mlo karibu wote, kinachoingia mwilini ni kidogo. Chai tunayoilima wenyewe Amani na Mponde, ikinywewa pamoja na chakula, hukipunguza zaidi. Chungwa la Muheza au maji ya limao hukiongeza. Serikali ilitunga kanuni mwaka 2011 za kuongeza virutubisho kwenye unga wa viwandani, na ni jambo jema, lakini unga wa viwandani si unga wa anayevuna mahindi yake na kuyapeleka mashine ya kijijini.

Hapa ndipo wanaikolojia wanapotufaa. Bronwen Powell na wenzake, akiwamo Patrick Maundu wa Kenya, walichunguza milo ya kina mama na watoto katika Usambara Mashariki, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Vyakula vinavyojiotea bila kupandwa vilitoa asilimia 2 tu ya nguvu ya chakula. Vilitoa, hata hivyo, asilimia 19 ya chuma na asilimia 31 ya vitamini A. Mboga za aina hiyo, kama mchunga na mnavu, hazihitaji msitu mkubwa. Huota ndani ya shamba na kando yake. Shamba likipigwa dawa ya magugu, mchunga hufa pamoja na magugu mengine, na hakuna anayeandika hasara hiyo popote, kwa kuwa hesabu za kilimo huhesabu magunia. Naona hilo ni kosa kubwa la mipango yetu. Mboga hizi zilistahili kuwa somo la bwana shamba kama yalivyo mahindi.

Hata hivyo chakula peke yake hakitoshi, na sehemu hii ya habari ndiyo ngumu zaidi. Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 tu za chuma, na takriban theluthi mbili zimo kwenye damu. Kwa siku utumbo hufyonza miligramu 1 au 2. Kiasi kingine chote mwili hukipata kwa kuvunja chembe nyekundu zilizozeeka, zinazoishi kama siku 120, na kukitumia chuma chake upya. Kimelea cha malaria kinaingia katikati ya mzunguko huo. Hula hemoglobini na kuzipasua chembe kabla ya wakati wake. Zaidi ya hayo, mwili ukipambana na maambukizi, ini huongeza homoni iitwayo hepsidini, nayo hufunga lango la chuma utumboni. Mtoto mwenye malaria anaweza kumeza chuma, na sehemu kubwa ikatoka kama ilivyoingia.

Ushahidi wa zamani uko jirani na Mkumbara, upande wa Upare. Kati ya 1955 na 1959, katika mpango wa malaria wa Pare na Taveta, nyumba zilipuliziwa dawa ya kuua mbu iitwayo dieldrini. Mtafiti C. C. Draper alipopima damu za watu na kuchapisha matokeo mwaka 1960, hemoglobini ilikuwa imepanda. Mbu walizuiwa, damu ikaongezeka, wala haukuwa mpango wa kugawa vidonge vya chuma.

Kinyume chake kilionekana Pemba. Jaribio lililochapishwa mwaka 2006 lilihusisha watoto zaidi ya 24,000. Ilibidi kusimamisha utoaji wa chuma na asidi ya foliki, kwa sababu waliopewa walilazwa au kufariki zaidi, kwa asilimia 12, kuliko wenzao. Wengine walihitimisha kwamba chuma ni sumu penye malaria. Sivyo. Katika kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu na kutibiwa mapema, watoto waliokuwa na upungufu wa kweli walinufaika. Chuma kinataka malaria idhibitiwe kwanza, au pamoja nacho.

Ndiyo maana utafiti wa Korogwe na Handeni wa mwaka 2014 hadi 2016 unanigusa sana. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), ikishirikiana na watafiti wa Denmark, iliandikisha zaidi ya wanawake 1,000 kabla hawajashika mimba. Iliwapima mimba mara kwa mara, kisha ikawafuata waliopata ujauzito hadi kujifungua. Zaidi ya theluthi moja walikutwa na upungufu wa damu hata kabla ya mimba, na ukosefu wa chuma ulieleza sehemu tu ya upungufu huo. Tazama sasa huduma zetu zinavyoanza. Vidonge vya FEFO, yaani vya chuma na asidi ya foliki, pamoja na dawa ya kukinga malaria, mama huvipata kliniki, na wengi hufika kliniki mimba ikiwa na miezi kadhaa, kondo la nyuma limeshajijenga kwa damu iliyokuwapo. Msichana wa miaka 17 wa Mkumbara ambaye hana mimba hana siku yake ya kliniki. Huduma hiyo ingeanzia kwake, shuleni na kijijini: kipimo cha damu, dawa ya minyoo ya safura, chandarua, na mboga za shambani kwao.

Watafiti walitaka pia kujua kama mtoto aliyekulia katika tumbo la mama mwenye damu pungufu huelekea zaidi kupata kisukari na shinikizo la damu ukubwani. Watoto waliozaliwa wakati ule sasa wako shule ya msingi, na jibu hilo litahitaji miaka mingi bado.

Sehemu ya tatu itapanda mlima. Watafiti waliopima malaria Usambara, na kuchapisha mwaka 2003, waliona maambukizi yakipungua zaidi ya mara 1,000 kutoka mita 300 hadi mita 1,700. Tutauliza mbu atafika wapi joto likizidi kuongezeka.