Istilahi na Uongozi wa Kikundi cha Wahandisi: Zana za Utafiti wa Myeyungano wa Nyuklia na Lugha ya Karakana Kibaha na Kisarawe

1.0 Utangulizi

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kuongoza kikundi cha wahandisi ni, kwa kiasi kikubwa, kazi ya kusimamia lugha. Mfano unaotumiwa ni uundaji wa zana saidizi za utafiti wa myeyungano wa nyuklia, yaani pampu, vyombo vya ombwe, vipozi, vihami na mikono ya mitambo. Afrika Mashariki haina mtambo mkubwa wa aina hiyo. Hata hivyo, Mkoa wa Pwani unazo karakana na malighafi zinazotoa kielelezo kizuri cha lugha ya kazi. Kibaha ndiko kilipo kituo cha teknolojia ya magari kilichobuni lori liitwalo Nyumbu. Na wilayani Kisarawe, katika vilima vya Pugu, imo kaolini, udongo mweupe unaotengenezewa kauri. Swali ni hili: je, Kiswahili cha karakana kinaweza kubeba uhandisi wa kiwango hicho?

2.0 Kazi yenyewe na pengo la lugha

Katika myeyungano, viini vyepesi vya atomu huungana na kuwa kiini kizito zaidi. Deuteri na triti, ambazo ni aina mbili nzito za haidrojeni, huunda heli na nyutroni, na nishati nyingi hutolewa. Mtambo wa JET wa Culham, Uingereza, ulioanza kazi mwaka 1983 na kufungwa mwishoni mwa mwaka 2023, ulitoa megajuli 69 za nishati katika jaribio moja la mwaka wake wa mwisho. Mtambo wa ITER, unaojengwa kusini mwa Ufaransa, umekusudiwa kufikisha plazma kwenye nyuzi milioni 150 za Selsiasi, ilhali sumaku zake, zilizo mita chache tu kando, zitapozwa hadi takribani nyuzi -269.

Zana zinazowezesha hali hizo mbili kukaa jirani hazitengenezwi na mtu mmoja. Mwanafizikia hueleza hitaji, mhandisi huchora, mchonga vyuma hukata, mchomeleaji huunga. Agizo likibadilika maana njiani, kosa huonekana katika chuma, tena baada ya gharama kubwa. Nchini Tanzania pengo hili lina sura ya pekee. Shule za msingi za umma hufundisha kwa Kiswahili, bali sekondari na vyuo vikuu hufundisha kwa Kiingereza. Mchoro huandikwa kwa lugha moja, na fundi huagizwa kwa nyingine. Kiongozi wa kikundi ndiye daraja.

3.0 Mifano ya istilahi

3.1 Kuvuja. Plazma huhitaji chombo kilichoondolewa hewa, na tundu lisiloonekana kwa macho laweza kuharibu jaribio zima. Hapa hewa haitoki chomboni bali huingia. Je, kitenzi *vuja* chafaa? Matumizi ya kawaida yanajibu: ndoo huvuja kwa kutoa maji nje, na paa huvuja kwa kuyaingiza ndani. Kwa hiyo kitenzi hiki hakifungwi na mwelekeo. Fundi wa pancha hutumbukiza tyubu majini akatazama mapovu. Mpimaji wa chombo cha ombwe hupuliza heli nje, kisha chombo cha kupimia huitafuta ndani. Kiongozi anayeanza na tyubu akageuza mwelekeo amekwisha kueleza kanuni yote bila kukopa neno.

3.2 Kauri, kihami na kikombe. *Kauri* ni simbi wa baharini, tena ni udongo uliochomwa ukawa mgumu na laini. Uhusiano huo haupo katika Kiswahili pekee: jina la kauri nyeupe katika lugha kadhaa za Ulaya limetokana na neno la Kiitaliano la simbi huyohuyo. *Kihami*, kutokana na *hami*, hutaja kazi ya kuzuia umeme. *Kikombe*, neno la mafundi wa nguzo za umeme, hutaja umbo. Maneno haya matatu si visawe. La kwanza hutaja mata, la pili kazi, la tatu umbo. Na orodha ya vifaa inayoyachanganya humfanya mnunuzi alete kisichotakiwa.

3.3 Uvumilivu. Kiingereza hutaja tofauti inayoruhusiwa katika kipimo kwa neno ambalo katika matumizi ya kawaida humaanisha kuvumilia. Tafsiri sisisi, *uvumilivu*, ni ya hatari, kwani fundi aweza kuielewa kuwa ruhusa ya kulegeza kazi. *Tofauti inayoruhusiwa* ni ndefu, lakini haimpotoshi mtu.

3.4 Mkazo. Kwa mwanaisimu, mkazo ni nguvu ya sauti katika silabi. Kwa mhandisi, ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Uwanja hutenganisha maana hizi. Lakini karakanani *mkazo* hukaribia *kukaza*, na bolti iliyokazwa sana huweza kukatika. Agizo la kukaza halina budi kuambatana na kipimo.

4.0 Hitimisho

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ilithibitisha kwamba istilahi za sayansi zaweza kusanifiwa. Mifano iliyojadiliwa yaonyesha kwamba usanifishaji hauishii kamusini. Kipimo cha istilahi ya kazi si uzuri wa umbo lake, bali ni kuwafanya watu wawili watende jambo lilelile. Kwa hiyo kiongozi wa kikundi hana budi kukubaliana na mafundi wake juu ya maneno kabla chuma hakijakatwa, kuyaandika katika mchoro pamoja na ya Kiingereza, na kuyapeleka kwa wanaistilahi. Kiswahili cha karakana hakipungukiwi uwezo wa kubeba kazi hiyo. Kinachopungua ni mazoea ya kukiandika.